Mjane Kavishwa Pete Umeme Umekatika

Benchi letu liko mbele ya karakana yangu ya baiskeli, kati ya mlango na beseni la maji ninalotafutia pancha. Nililiunga mwenyewe kwa mbao za makreti na mguu mmoja ukatoka mfupi, kwa hiyo mtu akikasirika na kuinuka ghafla, waliobaki wanamwagikiwa na kahawa. Wakaaji ni wale wale. Yuko Rula, mwalimu wa hesabu, ambaye shule zikifungwa anahamia hapa na ukali wake wote. Yuko Mhuri, karani wa ofisi ya kuandikisha ndoa na vifo, yuko likizo tangu juzi lakini bado anatembea na fomu mfukoni. Na yuko Godoro, dereva wa lori la magodoro, jina limemkaa kwa sababu ya mzigo anaobeba na kwa sababu anaweza kulala popote, hata akiwa amesimama. Mimi wananiita Spoku. Kahawa huletwa na Shangazi kwenye chupa kubwa, naye hukaa kwenye kigoda chake mwenyewe, anasema benchi letu halina adabu. Ilikuwa asubuhi, zimebaki siku mbili tufike Krismasi, na wote tulikuwa tumeamka na hasira moja. Jioni iliyotangulia televisheni ilionyesha filamu ya Krismasi, ya mjane mwenye watoto wawili anayempata mwingine wa kumpenda, na umeme wa mtaa mzima ukakatika katikati.

— Dakika thelathini na tano! — Rula alifika akipiga kelele kabla hajakaa. — Thelathini na tano kamili, nimepima kwa saa yangu. Umeme umekatika wakipeana mikono. Umerudi, mwanamke kavaa pete!

— Na watoto wanamwita jamaa baba, — alisema Mhuri.

— Baba! Mtu aliyekuja kutengeneza jiko!

Kwa ambaye hakuiona nieleze, ingawa kueleza kwenyewe kunanipandisha presha. Mwanamke ana duka la mishumaa kwenye mji wa theluji. Mumewe amefariki miaka miwili nyuma, siku chache kabla ya sikukuu, na tangu hapo watoto hawataki mti upambwe. Jiko la kupashia nyumba joto linaharibika. Anakuja fundi, jamaa mrefu, koti wazi vifungo vyote na nje barafu tupu. Anasema habari, mwanamke anasema nzuri, jiko linawaka, mikono inakutana, muziki unaanza polepole, na hapo hapo giza. Tuliporudishiwa umeme, mti umepambwa, nyumba imejaa wageni, fundi kapiga goti na yule binti mdogo ndiye kashika kisanduku cha pete. Baada ya dakika nne majina ya waigizaji yakaanza kupita. Sisi tumepewa mikono na tumepewa pete, katikati hatukupewa kitu. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda.

— Hebu niambieni, — alisema Mhuri, akiweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili. — Kutoka mkono mpaka pete ni siku nane. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani kwao. Nane! Kwangu ofisini tangazo peke yake linabandikwa wiki tatu, watu wapite, wasome, mwenye pingamizi aje. Siku nane hata gundi ya tangazo haijakauka!

— Pete si ndoa, — nilisema.

— Spoku, wewe kaza spoku zako.

— Mimi naona nyinyi hamkuangalia jiko, — alisema Rula. — Watu wote macho kwenye mapenzi, hakuna aliyeangalia jiko. Lile jiko lilipona siku ya kwanza! Liliwaka, tuliona moto kwa macho yetu kabla ya giza. Sasa umeme unarudi, pembeni ya mlango kuna nini?

— Viatu.

— Sanduku la vifaa vya fundi! Jiko zima, sanduku la nini? Ni kwamba alikuwa anarudi. Na fundi harudi bila kuitwa. Kwa hiyo kila akiondoka alikuwa anachomoa skrubu moja anatia mfukoni. Leo moja, kesho mbili.

Hapo nikaacha rimu niliyokuwa nainyoosha.

— Mwalimu, unatukana mafundi.

— Namtukana yule.

— Unatutukana wote! Mimi nimewahi kukuchomolea kitu kwenye baiskeli yako?

— Baiskeli yangu iko hapa tangu mwezi wa tisa, Spoku.

Nikaona nisiendelee na hilo. Nikasema kama kuna mtu aliyeharibu jiko basi ni wale watoto, wametia mchanga kwenye bomba kwa sababu jamaa aliwahonga peremende. Wakanicheka. Rula akasema mtoto anayekataa mti kwa miaka miwili hahongeki kwa peremende, kisha akasogea mbele ya benchi, na nilijua kinachokuja ni kikubwa zaidi.

— Tena si jiko lile tu. Kaharibu majiko ya mtaa mzima! Anapita nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko, anatafuta iliko nyumba isiyo na mwanaume.

— Hapana, hapana, — alisema Mhuri. — Wote mmepotea. Yule mume hakufa.

— Ebo!

— Nani ameona cheti? Miaka kumi na sita naandikisha vifo, kifo bila cheti sikijui. Tumeonyeshwa picha ukutani tu. Picha hata mimi ninayo ukutani, na hapa nakunywa kahawa. Yule mume yuko mahali, kapoteza kumbukumbu, na anayejua alipo ni yule fundi.

— Kwa sababu ni ndugu yake! — alidakia Rula.

— Pacha wake!

— Ndiyo maana hafungi koti, anataka afananishwe!

Shangazi alikuwa anacheka mpaka anashika kifuniko cha chupa kisimponyoke. Na sisi tulikuwa tumechangamka kwa ghadhabu ile tamu ya kumgombeza mtu asiyekusikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuwaza juu ya mama mkwe, ambaye hakuonekana popote kwenye filamu, na nikawa natafuta nafasi ya kumwingiza. Ndipo Godoro akasema.

— Picha iko wapi?

Kwa kawaida saa kama hiyo Godoro anakuwa amejiegemeza ukutani anasinzia. Siku hiyo hakusinzia, na wala kahawa yake hakuigusa.

— Picha ipi? — nilimuuliza.

— Ya baba wa wale watoto. Mwanzo ilikuwa ukutani, juu ya jiko. Umeme umerudi, pale pana msumari mtupu. Nani ameitoa? Nawauliza nyinyi mnaohesabu skrubu. Watu wako gizani, halafu picha ya marehemu inatoka ukutani, nani ameishusha?

— Kweli! — Rula alijipiga paja. — Imechomwa! Ndiyo maana jiko lilitengenezwa!

— Msinifanyie mchezo!

Godoro akainuka, benchi likainama, kahawa ya Mhuri ikaishia kwenye suruali. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu Godoro alikuwa anahema kwa nguvu. Huyu ni mtu anayepakia magodoro themanini kwa siku bila kuhema.

— Mwanamke ana watoto, — alisema. — Ana nyumba. Ana duka lake. Watoto wanampenda. Anakosa nini? Aseme, anakosa nini? Anatoka hapo anampa mkono mtu aliyekuja na bisibisi, na baba wa watu anashushwa ukutani kama kalenda ya mwaka jana. Na wanatia muziki! Na theluji inaanguka! Huo ni utovu wa heshima, na aliyetengeneza filamu ile angekuwa hapa ningemwambia.

— Sema, bwana, — alisema Mhuri.

— Godoro, — alisema Shangazi. Alikuwa ameacha kucheka. — Hawa wanagombana na filamu. Wewe mwanangu unagombana na nani?

— Na filamu.

— Haya.

Akammiminia kahawa mpya ingawa ile ya kwanza haijaguswa. Godoro akaiangalia. Sote tunajua habari za kwake: baba yake alifariki miaka saba iliyopita, na arobaini ilipokwisha tu akamhamisha mama yake, akamleta kwake kwenye nyumba ya kona nyuma ya ghala, anaishi naye pamoja na mke na watoto. Mama huyo kila asubuhi akienda sokoni hupita hapa, anatusalimia mmoja mmoja kwa kazi zetu, fundi hujambo, mwalimu hujambo. Ni mama mwembamba, mcheshi, anatembea haraka.

— Mama ametoa picha ya baba sebuleni, — alisema Godoro.

Mhuri, aliyekuwa anafuta suruali, akaacha.

— Wiki iliyopita. Nikadhani anaifuta vumbi. Siku ya pili haijarudi, ya tatu haijarudi. Kumbe ameihamishia chumbani kwake. Sikumuuliza. Jana umeme ulipokatika, mke wangu akaenda na mshumaa kwa watoto, tukabaki sebuleni mimi na mama peke yetu. Giza. Akasema, mwanangu, kuna mtu nimemkaribisha siku ya Krismasi aje ale nasi. Ni mgane, fundi miwani. Nataka nikuambie habari zake.

— Fundi! — alisema Rula. — Si niliwaambia?

— Nyamaza, — alisema Shangazi. — Ukamjibu nini?

Godoro alikizungusha kikombe kwanza.

— Nilikoroma.

— Ulifanyaje?

— Nilikoroma. Nilikuwa macho kabisa, mama ananisemesha, na mimi nikakoroma. Anajua nalala popote. Akasubiri. Akaniita mara mbili, taratibu. Halafu akanyamaza. Dakika zote zile zilizobaki tulikaa hivyo, yeye kimya na mimi nakoroma, mpaka televisheni ikawaka yenyewe na yule mwanamke anavishwa pete.

Sasa nitasema ukweli kuhusu sisi, hata kama unatuaibisha. Hatukumhurumia mama. Tulisimama upande wa Godoro wote watatu kama mtu mmoja. Mhuri alisema hilo ni jambo zito. Rula alisema mtu wa miwani anaona wanawake mchana kutwa, tena kwa karibu, anawashika na masikio. Mimi nikauliza, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, huyo mzee anataka nini kwenye nyumba ya watu siku ya sikukuu, kwani hana kwake?

— Hatanikuta, — alisema Godoro, na sasa alikuwa amepata nguvu. — Nimeshapanga. Kesho alfajiri nampeleka mama kwa dada yangu, safari ya mwendo wa saa sita. Tutarudi mwaka mpya. Aje ale na geti.

Tukampigia makofi. Nakumbuka nilipiga makofi nikiwa na spana mkononi.

— Na tuweke kimaandishi, — alisema Mhuri.

Akachomoa mfukoni fomu ya pingamizi, ile ile ya ofisini, akaikunjua gotini. Akasema atakayefika nyumbani kwa Godoro aikute imebandikwa, asome, ajue nyumba ile ina mwenyewe. Akaanza kuandika kwa ule mwandiko wake mzuri.

— Mpingaji, mtoto wa kwanza. Uhusiano, mwana. Sababu ya pingamizi?

— Mama hahitaji mtu, — alisema Godoro.

— Hiyo si sababu, bwana. Sababu ziko nne tu na zimechapwa. Kuna ndoa nyingine inayoendelea, kuna undugu wa damu, kuna kulazimishwa, kuna umri.

— Umri! Weka umri.

— Umri mdogo, Godoro. Mama ana miaka mingapi?

— Sitini na tatu. Na nne. Sitini na... andika sitini na tatu.

— Basi kumi na minane ameshavuka.

— Weka kulazimishwa!

— Nani kamlazimisha?

Kalamu ya Mhuri ikabaki hewani. Ndipo tulisikia chupa ya kahawa ikigongwa chini, na si kwa upole. Miaka yote ninayomjua Shangazi sijamwona hivyo. Alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa ndogo, jambo lililotutisha zaidi.

— Hivi nyinyi ni watu wazima? Tangu asubuhi mnalia hapa, ooh, dakika thelathini na tano, ooh, hatujui kilichotokea kati ya mkono na pete. Mmebuni skrubu, mmebuni pacha, mmefufua maiti. Huyu hapa alikuwa anasimuliwa! Gizani, bila matangazo, kwa mdomo wa mwenye jambo lenyewe, mama yake mzazi! Na akakoroma!

— Shangazi...

— Sijamaliza. Mimi nina miaka kumi na mmoja bila mume. Mnakaa hapa kila siku. Mnajua mmewahi kuniuliza nini? Kama kahawa ni ya moto. Basi. Hilo ndilo swali langu la miaka kumi na mmoja.

Akakaa. Hakuna aliyethubutu kunyanyua kikombe. Mimi nilijaribu kukumbuka kama niliwahi kumuuliza kitu kingine, hata mara moja, hata wakati wa mvua, na sikukumbuka.

— Wewe hujui, Shangazi, — alisema Godoro, naye sasa alikuwa anaomba zaidi ya kubisha. — Mama yangu hakosi kitu. Nimemwekea kitanda kipya. Nimemwekea kiti chenye mgongo. Hapiki, hafui, hashiki ufagio. Dawa zake nanunua mimi. Akiumwa usiku mmoja tu mimi siendi kazini. Kuna mtoto gani mtaani hapa anayemtunza mama kama mimi?

— Hakuna, — alisema Shangazi. — Na wala sijasema humtunzi.

Wakati huo akatokea mzee anasukuma baiskeli. Hatukumjua. Mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono, miwani safi. Baiskeli ilikuwa ya kike, ya zamani, lile bomba la mbele limeshuka chini, rangi yake imebanduka mpaka hutaki kuitaja.

— Habari za asubuhi, wenyewe. Fundi ni nani?

— Ni mimi, mzee. Karibu.

— Naomba uipake rangi baiskeli hii. Iwe tayari keshokutwa asubuhi.

— Keshokutwa Krismasi.

— Ndiyo maana.

Nikaipindua kuikagua. Nikashangaa. Cheni mpya, kengele imesuguliwa inang'aa, kiti kimeshonwa upya kwa mkono. Ila nati za magurudumu zilikuwa zimelegea kabisa.

— Nani amefunga hivi?

— Mimi mwenyewe. Nilifika kwenye magurudumu nikashindwa. Bisibisi zangu ni hizi ndogo za miwani.

Akaitoa moja mfukoni kunionyesha, nyembamba sawa na njiti. Nikasikia Rula nyuma yangu akimeza mate. Sikugeuka. Mhuri ndiye aliyeuliza, kwa ile sauti ya dirishani kwake ofisini.

— Baiskeli ya nani, mzee?

— Ni zawadi kwa mama mmoja anayekaa nyumba ya kona, nyuma ya ghala. Enzi zake alikuwa anagawa dawa kwa wagonjwa majumbani kwa baiskeli. Anasema hakuna kitu amekikosa maishani kama kuteremka ule mteremko wa hospitali, amesimamia pedali, miguu haifanyi kazi yoyote.

— Mama yangu hajapanda baiskeli maisha yake yote, — alisema Godoro.

Mzee akamgeukia. Akamwangalia vizuri, wala hakurudi nyuma.

— Kumbe ni wewe, dereva. Sikukutambua. Kwenye picha aliyonionyesha ulikuwa na nywele.

Siku nyingine tungecheka mpaka jioni.

— Aliacha ulipozaliwa, mwanangu, — alisema mzee. — Ulikuwa na kifua, upepo ulikuwa unakudhuru. Akampa mwenzake wa kazini baiskeli yake, akawa anatembea kwa miguu na wewe mgongoni. Hakukuambia?

Godoro aliiangalia baiskeli.

— Wewe amekuambia lini? — aliuliza Rula, kwa sababu Rula haweki swali mfukoni.

— Dukani kwangu. Alikuja miwani yake imelegea mkono. Nikaifunga. Akarudi wiki ya pili, akarudi ya tatu, amerudi mara nne. Miwani ilipona siku ya kwanza. Yeye alijua, na mimi nilijua, basi nikawa naifuta tu tunaongea.

Rula akafungua mdomo, akaufunga. Nadharia ya skrubu ilikuwa imemfia mikononi, maana aliyekuwa anarudi ni mama.

— Mzee, — alisema Godoro, na nilimwona anatafuta ile sauti yake ya kwanza haipati. — Siku ya Krismasi hatutakuwepo. Kesho nasafiri na mama.

— Aa. Hakunieleza.

— Hajui bado.

Maneno hayo yakatua pale mbele yetu sote. Dakika kumi nyuma nilikuwa nimeyapigia makofi, na sasa nilitamani kuingia karakanani nijifanye natafuta kitu. Nilimwonea aibu Godoro, nikajionea na mimi. Ni mama wa watu, mtu mzima, anapakiwa alfajiri kwenda safari ya saa sita bila kuulizwa, na sisi wanaume watatu tumekaa tunachagua sababu kwenye fomu. Mhuri aliikunja ile fomu mara nne, akaikalia.

Mzee yule angekuwa na haki ya kukasirika. Mimi ningekasirika. Alitoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha.

— Basi itamsubiri mpaka arudi, — alisema. — Fundi, wewe ipake tu.

— Rangi gani, mzee?

— Hapo ndipo nilipokwama. — Akamgeukia Godoro, na usoni mwake hamkuwa na kejeli hata kidogo, alitaka kujua kweli. — Afadhali nimekukuta mwenyewe. Mama anapenda rangi gani?

Godoro alifungua mdomo kwa haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha akatugeukia sisi.

— Bluu, — alisaidia Mhuri. — Si lile gauni lake la sokoni ni bluu?

— Lile nilimnunulia mimi, — alisema Godoro polepole. — Yalikuwa yamebaki mawili dukani. Nilichukua la karibu.

— Na mapazia yake ya chumbani? — aliuliza Rula.

— Mke wangu.

— Kile kiti?

— Mimi.

Rula akaacha. Tulikuwa tunamwona Godoro anapita kichwani chumba kwa chumba kwenye nyumba yake mwenyewe, anatafuta kitu kimoja alichochagua mama yake, hata kikombe, na hakioni. Mtu wa miaka arobaini na moja. Macho yake yalikuwa yamejaa na hakuyaficha.

— Sijui, — alisema.

— Hata mimi sijui, — alisema mzee. — Nilisahau kumuuliza.

Godoro akatoa simu. Alibonyeza, akaweka sikioni, akatupa mgongo nusu.

— Mama. Hapana, sijapata ajali. Hapana, watoto wako salama. Niko hapa kwa Spoku. — Akasita. — Nataka kukuuliza kitu tu. Wewe unapenda rangi gani?

Ikaja sauti ndogo, fupi, na Godoro akatugeukia, akamwangalia mzee, akamwangalia Shangazi.

— Anasemaje? — alinong'ona Rula.

— Anauliza ni nani anayetaka kujua.

Mzee angeweza kusema ni mimi, na ingekuwa kweli, lakini aliinama akashika usukani wa baiskeli. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

— Ni mimi, mama, — alisema Godoro. — Ni mimi ninayeuliza. Niko macho.

Akasogea mpaka ukutani, akaegemeza paji la uso kwenye matofali, simu imebanwa sikioni. Tukawa tunamsikia vipande tu, ndiyo mama, endelea mama, nakusikia. Shangazi aliinamisha chupa kwenye kikombe changu, likatoka tone moja, na nikamuuliza anaendeleaje, akanitazama kwanza kabla ya kunijibu. Nilisimama na brashi mkononi, makopo yote ya rangi nimeyafungua mbele yangu, nikisubiri kuambiwa nichovye lipi. Mzee naye alisubiri, hakuwa na haraka. Jina la rangi moja halichukui muda mrefu vile kulisema.